Sikio la Gogo

Jumamosi ya pili ya Januari 1996 soko la Masasi lilifurika watu mpaka njia zikaziba. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, ikakatika alfajiri, na wanawake wa vijijini walikuwa wameshuka na matenga ya uyoga uliookotwa asubuhi hiyo hiyo. Matope yalifika vifundoni. Kwenye meza za mitumba wauzaji walipiga kelele kushinda redio zao, na harufu ya dagaa wakavu iliingia puani bila kubisha hodi.

Yassini Alfani alikuwa amevaa shati jeupe la mikono mirefu, limepigwa pasi kana kwamba hapakuwa na matope duniani. Alikuwa na miaka thelathini, mpiga picha, na wateja wake walizoea kumwona nadhifu. Alikuwa ameshalipia fungu lake la uyoga na kulimimina kapuni, mara mkono wa mwanamke ukaingia ndani ya kapu lile, ukachomoa uyoga mmoja mweupe, ukautupa chini. Kisha raba yake ya kiume ikaukanyaga.

"Dada, vipi? Nimeshaulipia huo!"

"Umelipia kifo chako," mwanamke akajibu bila kumtazama. Alikuwa anapekua kapu. "Ngoja nione kama umebaki mwingine."

Alivaa gauni la kitenge la kijani na kilemba cheusi, na shingoni alining'iniza kioo cha kukuzia kwa kamba ya kiatu. Muuzaji, mama wa makamo, alikuja juu.

"Mimi nauza uyoga tangu hujazaliwa! Nimemuua nani?"

Mwanamke yule alichuchumaa matopeni, sauti yake ikabadilika. "Shikamoo mama. Hujamuua mtu, wala sisemi hivyo. Huu umejichanganya wenyewe. Ona hapa shinani, kuna kikombe. Na huku shingoni kuna pete. Ukiona vyote viwili, weupe usikudanganye."

Yule mama alitazama, akatazama tena. Kisha bila neno alimwaga tenga zima juu ya gunia akaanza kuchambua mmoja mmoja.

Yassini alisahau matope. "Unaitwa nani, dada?"

"Sikudhani."

"Hukudhani nini?"

"Sikudhani kama nitaulizwa hivyo tena leo. Wewe ni wa nne."

Yassini alicheka mpaka watu wakageuka. "Basi wa nne anaitwa Yassini. Nina studio ya picha pale Mkomaindo, njia ya kwenda hospitali. Umeniokoa, njoo nikupige picha bure."

"Unapiga picha za uyoga?"

"Napiga za maharusi, za pasipoti na za marehemu. Uyoga haujawahi kuniomba."

"Jumatatu utakuomba," alisema Sikudhani, akajitosa katikati ya watu.

Jumatatu alikuja kweli, na boksi lenye aina kumi na saba za uyoga zilizofungwa katika magazeti. Yassini alitandika kitambaa cheusi mbele ya pazia lililochorwa maua, akawasha taa, na kwa saa tatu akawa anapokea amri. Sogeza kivuli. Onyesha tumbo lake. Weka rula pembeni.

Huku wakifanya kazi Yassini alizijua habari zake. Sikudhani alikuwa mzaliwa wa Tandahimba, binti wa mkulima wa korosho, na sasa alisomea shahada ya pili Dar es Salaam, akitafiti dawa zinazotokana na mimea na uyoga. Alikuwa amepanga chumba Mkomaindo kwa msimu huo wa mvua. Mara mbili kwa wiki alipanda gari kwenda Ndanda, ambako mtaalamu mmoja wa maabara alimruhusu kutumia hadubini.

"Yaani serikali inakulipa utembee porini?" Yassini alimtania.

"Penisilini uliyochomwa ukiwa mtoto ilitoka kwenye ukungu. Ukungu na uyoga ni ukoo mmoja. Huko porini kuna duka la dawa ambalo halijafunguliwa, kaka Yassini. Mimi natafuta mlango."

Baada ya wiki mbili "kaka" ilianguka njiani, na hakuna aliyerudi kuiokota.

Studio haikuwa na simu, lakini duka la vipuri la jirani lilikuwa nayo. Mwenye duka, Mama Isabela, alizoea kutoka mlangoni na kupaza sauti mtaa mzima usikie: "Yassini! Mama Uyoga wako anakuita!"

Yassini alikuwa akikimbia na mikono yenye dawa za kusafishia picha.

"Haloo, hapo ni studio ya maharusi na marehemu?"

"Siku hizi ni ya uyoga tu. Nani mwenzangu?"

"Mgonjwa."

"Unaumwa nini, mgonjwa?"

"Sijui. Ugonjwa wenyewe unaanzia Masasi, nikifika Ndanda unazidi."

"Dawa yake ipo. Lakini inafunga mlango saa kumi na mbili, laazizi. Ukikosa gari la jioni, utalala na homa yako."

Mama Isabela alijifanya anapanga nati, masikio yakiwa kwenye simu.

Mwishoni mwa Januari Yassini alimpeleka Newala kwa mama yake. Gari lilipanda mlima kwa gia nzito, likatokea juu penye ukungu na upepo wa baridi. Sikudhani alikuwa amevaa gauni la bluu lenye kola nyeupe, na tangu Masasi alikuwa amelinyoosha mara kumi. Bibi Stamili aliishi nje kidogo ya mji, katika nyumba ya bati yenye mapipa ya kukingia maji ya mvua kila kona. Alikuwa mfupi, mwenye chale za zamani mashavuni na macho yasiyopepesa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye huyu anayemlisha mwanangu uyoga?"

"Mimi namnyang'anya, mama. Simlishi."

Mama alicheka, akawapa ming'oko, viazi vya porini vilivyochemshwa, na chumvi. Alikuwa bado anacheka alipoitwa uani. Mtu aliyejikata muundi kwa panga alikuwa amekuja kusafishwa. Bibi Stamili aliosha kidonda kwa maji yaliyochemshwa, akanyunyizia unga wa kahawia kutoka kwenye kopo, akafunga kitambaa safi. Sikudhani aliinama hadi pua ikakaribia jeraha. Nyama yake ilikuwa nyekundu, safi, haina usaha wala harufu.

"Ana siku ngapi?"

"Ya kumi na moja. Alikuja mguu umevimba kama pipa, hospitali wakamwambia wataukata."

"Unga huu ni wa nini, mama?"

Mama alimtazama mwanawe kwanza. Kisha akawaongoza nyuma ya shamba, kwenye gogo kubwa lililokufa. Ubavuni mwa gogo viliota vitu vigumu vya kahawia, vimejikunja kama masikio.

"Mimi nauita sikio la gogo. Mama yangu aliuita hivyo. Unakaushwa, unatwangwa, unawekwa juu ya kidonda. Haunywewi. Aliyenifundisha aliniapisha hilo." Aling'oa mmoja, akaushika viganjani. "Nikikupa, utaupeleka wapi?"

"Maabara, mama. Nijue ndani yake kuna nini kinachoua wadudu wa kidonda."

"Na ukishajua?"

"Nitakuja kukwambia wewe wa kwanza."

Yassini alipiga picha wakati huo huo, mama yake akicheka, uyoga mikononi. Hakujua kwamba ndani ya mkoba wa Sikudhani palikuwa na nakala ya barua aliyoisaini Novemba. Kampuni moja ya dawa ya ng'ambo ilikuwa imeahidi kumsomesha udaktari wa falsafa kwa miaka minne, na kwa ahadi hiyo sampuli zote atakazokusanya zingekuwa mali ya kampuni, na asingeruhusiwa kumtajia mtu yeyote matokeo bila kibali. Alipoisaini alikuwa anafikiria uyoga wa porini. Hakuwa amefikiria kiganja cha mtu. Alitaka kusema. Akaona mama anamsogezea sahani ya ming'oko kwa mara ya pili, akanyamaza. Aliondoka na sikio moja la gogo na unga kidogo wa kopo, zawadi ya mama.

Mwezi wa pili ukapita, na sampuli zake, sikio la gogo likiwamo, zikatumwa kwa kampuni kupitia Dar. Mwanzoni mwa Machi gazeti moja la wiki, mojawapo ya yale magazeti ya watu binafsi yaliyokuwa yakizuka na kufa miaka ile, lilitoka na kichwa cha habari kikubwa kuliko kichwa cha mtu: BIBI WA NEWALA ATIBU UKIMWI KWA UYOGA.

Watu walianza kufika siku ya tatu. Walikuja kwa mabasi, kwa malori ya korosho, kwa baiskeli, wengine wamebebwa. Bibi Stamili alisimama mlangoni akasema hatibu ugonjwa ule, hajawahi, hajui. Walidhani anaficha. Walilala katika mihogo yake. Maji ya mapipa yakaisha. Na kando ya njia wakajitokeza vijana wa mjini wenye vipakti vya unga vilivyofungwa kwa karatasi za daftari, wakiwauzia waliokata tamaa. "Dawa ya bibi, koroga na uji, kunywa mara tatu."

Siku ya tisa alikufa mtu mmoja, Nurdin, mkulima kutoka Tandahimba. Ndugu yake alilia akipiga kelele kuwa bibi ameua. Mawe yakarushwa juu ya bati. Polisi walifika, wakamchukua Bibi Stamili, kwanza kwa usalama wake, halafu kwa maswali.

Habari ilishuka Masasi na kondakta wa gari la mchana. Yassini aliacha maharusi wamekaa mbele ya pazia, akakimbia hadi chumbani kwa Sikudhani. Hakuwapo. Mwenye nyumba alimfungulia amsubiri ndani. Juu ya meza, chini ya kioo cha kukuzia, kulikuwa na barua yenye nembo. Kiingereza cha Yassini kilikuwa cha kidato cha nne, lakini kilitosha.

Sikudhani aliingia na mwavuli unaochuruzika. "Mpenzi, nimesikia sasa hivi stendi. Twende Newala, gari la..."

"Sampuli zote zitakuwa mali ya kampuni," alisoma Yassini, akifuata mstari kwa kidole. "Nimesoma sawasawa?"

Mwavuli ulianguka.

"Yassini, nisikilize."

"Saini hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Ulisaini kabla ya kula ming'oko ya mama yangu, au baada?"

"Kabla."

"Na ukala."

Mvua ilipiga bati. Sikudhani alisogea, Yassini akarudi nyuma hatua moja, na hatua ile ilimuuma Sikudhani kuliko maneno.

"Gazeti silijui," alisema. "Naapa kwa Mungu. Sikuzungumza na mwandishi yeyote. Barua, ndiyo. Nilikosa. Nilipaswa kumwambia mama siku ile ile."

"Wewe pekee uliandika habari zake kwenye madaftari. Wewe pekee uliuliza dozi, uliuliza siku ngapi, uliuliza jina. Halafu gazeti linatoka! Nikuamini vipi?" Sauti yake ilipasuka. "Mama yangu amekaa sakafuni kwenye kituo cha polisi, Sikudhani. Mtu aliyewaoshea nusu ya watu wa Newala vidonda vyao."

"Nipe siku mbili."

"Za nini? Umuuze vizuri zaidi? Chukua maboksi yako, uende kwa hao waliokununua."

Aliitupa barua kitandani, akatoka mvuani bila kujifunika. Jioni ile ile alipanda lori la korosho kwenda Newala.

Sikudhani alikaa kitandani kama robo saa. Kisha akafunga raba zake.

Asubuhi alikuwa Newala, kwenye ofisi ya mganga mkuu wa wilaya, mtu mchovu mwenye rundo la mafaili.

"Marehemu aliumwaje?" alimuuliza. "Naomba uniambie saa kwa saa."

"Alikunywa unga asubuhi. Mpaka jioni hakuwa na neno. Baadaye kutapika na kuharisha, siku nzima. Halafu akapata nafuu, akaomba hata uji. Tukasema amepona." Mganga alisugua macho. "Siku ya nne macho yakawa manjano. Ya tano akafa."

Sikudhani alikuwa amesoma mwendo ule vitabuni: ukimya, kutapika, nafuu ya uongo, ini. "Unga wenyewe umebaki?"

Ulikuwa umebaki. Ndugu wa marehemu alikuwa amekileta kipakti kama ushahidi. Mganga alimpa kijiko kimoja ndani ya chupa ya vidonge, wakaandikishana. Alipotoka alipita mbele ya kituo cha polisi. Yassini alikuwa amekaa barazani, shati limekunjamana, hajanyoa. Walitazamana. Yassini aligeuza uso ukutani. Sikudhani alikaza mwendo, machozi yakamshuka akiwa tayari ndani ya gari.

Alifika Ndanda siku ya pili yake, maana barabara ilikuwa imekatika mahali pawili na abiria walisukuma. Aliweka unga wa kipakti chini ya hadubini upande mmoja, na unga wa kopo la Bibi Stamili upande mwingine. Ule wa bibi ulikuwa nyuzi ngumu, nene, za kahawia, kama mbao iliyosagwa. Ule wa kipakti ulikuwa laini, na ndani yake palikuwa na vipande vya mashavu ya uyoga, vile vikunjo vyembamba vya chini ya mwavuli wake, na mbegu za duara zisizo na rangi. Sikio la gogo halina mashavu. Aliangalia mara sita. Alimwita mtaalamu wa maabara, naye akaangalia. Mtu fulani alikuwa ameokota uyoga mweupe wa porini, kama ule wa sokoni, akaukausha, akausaga, akauuza.

Alikwenda kwenye simu akaomba aunganishwe na Dar. Alisubiri dakika arobaini. Aliyemsimamia masomo, Dokta Dorothy, alipokea.

"Sikudhani! Kampuni wamepokea sampuli ile namba kumi na nne. Wamefurahi kupita kiasi. Kitu kinachoua bakteria kiko humo, mwanangu, na kina nguvu! Kazi yako imeanza."

Namba kumi na nne ilikuwa sikio la gogo.

"Dokta, mwenye uyoga huo yuko ndani. Nataka kuandika maelezo polisi. Lazima nitaje uyoga wenyewe, unavyotumika, na kwa nini hauwezi kuua. Na nataka kuwaomba kibali."

"Hawatakupa. Ukilitaja jambo hilo kwenye karatasi ya polisi na mahakama, limekuwa la hadhara. Watavunja mkataba siku hiyo hiyo. Nafasi yako ng'ambo imekwenda."

"Naelewa."

"Umehangaikia nafasi hiyo miaka mitatu. Subiri wiki mbili, wanaweza kumwachia wenyewe."

"Ana miaka sitini na nne, Dokta. Amekaa sakafuni."

Dokta Dorothy alishusha pumzi ndefu. "Andika vizuri, basi. Weka jina la Kilatini. Usiache nafasi ya kubishiwa. Na mimi nitathibitisha kwa simu wakinipigia."

Aliandika kurasa nne. Siku iliyofuata, saa tano, aliziweka mbele ya mkuu wa kituo cha polisi cha Newala, akazisaini kila ukurasa. Kisha akaomba aonane na Bibi Stamili. Walimleta kwenye benchi la uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Sikudhani alimweleza yote, barua, kampuni, Novemba, bila kujipunguzia.

"Ulinidanganya," alisema mama.

"Nilinyamaza."

"Ni kitu kimoja."

"Ndiyo, mama. Ni kitu kimoja."

Bibi Stamili alitazama mikono yake. "Na hao watu, sasa wanaye nani wa kuwatafutia?"

"Si mimi. Nimeshajitoa. Lakini kipande walichonacho wanacho, siwezi kukirudisha. Hilo nisikufiche."

Hakuaga zaidi. Alitokea mlango wa nyuma ili asipite barazani.

Saa moja baadaye mkuu wa kituo alimwita Yassini. Juu ya meza palikuwa na gazeti. Kwa siku zote zile Yassini alikuwa amesikia habari ya gazeti lile midomoni mwa watu, hajalishika.

"Picha hii aliipiga nani?"

Yassini aliinama. Mama yake, anacheka, uyoga mikononi. Kwenye kona ya chini palikuwa na mkwaruzo mdogo kama unywele. Picha alizompa Sikudhani hazikuwa na mkwaruzo. Ulikuwa kwenye moja tu, ile kubwa aliyoitundika kwenye dirisha la studio, kwa sababu alijivunia.

"Mimi."

"Nani alimpa mwandishi?"

Chini ya habari paliandikwa jina: Cecil. Yassini akamkumbuka mgeni mmoja aliyeingia studio mwezi wa pili, mwenye kofia ya kitambaa na maneno matamu, aliyesema anakusanya kumbukumbu za Kusini. Aliinunua picha. Akauliza, huyu bibi ni nani? Na yeye Yassini, akiegemea mlango, akajigamba dakika kumi nzima. Mama yangu huyo. Anatibu yaliyoishinda hospitali.

"Mimi," alisema. "Nilimpa mimi."

Mkuu wa kituo alivuta kurasa nne. "Basi una bahati ya watu. Kuna dada ameleta haya. Mganga mkuu ameyasoma, ameridhika. Tunawatafuta wauza vipakti, mama yako anakwenda nyumbani. Nilimwuliza yule dada mbona anasita kusaini. Akasema saini hii inamfukuzisha masomo. Nikamwambia basi acha. Akaomba kalamu nyingine, ile ilikuwa haiandiki vizuri."

Yassini alimfikisha mama yake nyumbani. Umati ulikuwa umetawanyika, mihogo imelala chini. Alipiga magoti barazani akamweleza habari ya Cecil. Mama alimsikiliza hadi mwisho.

"Kumbe wote wawili mmeniuza," alisema, "mmoja kwa kunyamaza, mwingine kwa kusema sana. Yeye amekuja akaniambia mwenyewe. Wewe umeambiwa na polisi." Alijifunga kanga upya. "Simama. Nimeona mtu anayekubali kosa bila kulipunguza, si wengi. Mwambie dawa yangu aiendeleze huko Dar, lakini jina langu liende nayo, na kila atakachokipata aje anisomee. Hilo ni la kazi. La kwako ulimalize mwenyewe, na usilimalize kwa barua."

Kesho yake mchana Yassini aliteremka Ndanda, ambako mkuu wa kituo alimwambia Sikudhani amekwenda kuchukua vitu vyake. Alimkuta kando ya barabara kuu, amevaa lile gauni la bluu lenye kola nyeupe, pamoja na maboksi manne yaliyofungwa nailoni. Barabara ya Dar ilikuwa imekatika Rufiji, kwa hiyo angekwenda Mtwara kutafuta meli. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kukosa usingizi.

"Mama yako ametoka?" aliuliza kabla ya salamu.

"Ametoka. Ni mimi, Sikudhani. Ni mimi niliyempa mwandishi ile picha. Nikajigamba mbele yake. Halafu nikaja kukufukuza wewe chumbani mwako."

Sikudhani alifumba macho. "Niligeuziwa uso barazani, Yassini. Watu wanapita."

"Najua."

"Ungenipiga kofi ningesahau. Lile sitalisahau upesi."

"Sikuombi usahau. Naomba..." Basi la Mtwara lilitokea kwenye kona, likipiga honi. Yassini akaona muda umemwishia, maneno yote aliyoyapanga njia nzima yakatawanyika. "Naomba nikuoe. Si kwamba uache kazi. Soma, tembea porini, kaa Dar miaka unayotaka. Mama anasema dawa uiendeleze, jina lake liende nayo, uwe unakuja kumsomea. Mimi nasema nikuoe."

"Sina nafasi ya ng'ambo tena. Sina mshahara. Nina maboksi manne ya uyoga mkavu na msimamizi mmoja mwenye huruma."

"Nimeyaona maboksi."

"Mtwara, Mtwara! Dada, unapanda au unaposwa?" kondakta alipiga kelele. Abiria wakacheka madirishani.

Sikudhani alipanda. Kondakta alishika boksi la kwanza alipandishe juu ya paa, na juu ya milima wingu lilikuwa jeusi. Yassini alimnyang'anya. Alibeba maboksi yote manne ndani, mawili mawili, akayapanga juu ya magoti yake kwenye kiti cha nyuma, basi likaondoka naye. Alikuwa na kandambili miguuni na hakuwa na hata mswaki.

Mvua iliwakuta kabla ya Nyangao. Maji yalivuja kwenye dirisha la nyuma. Yassini alivua shati lake jeupe akalifunika boksi la juu, akabaki na singlendi. Sikudhani, viti viwili mbele, aligeuka mara moja. Akageuka tena. Hatimaye alisimama, akashika vyuma vya viti, akaja kukaa kando yake, akachukua maboksi mawili.

Mwanamke aliyebanwa dirishani alilalamika. "Jamani, maboksi haya yananiumiza mbavu! Na wewe dada, huyu kijana anayepanda basi na singlendi ni nani wako?"

Yassini alitazama chini. Basi liliruka shimo, maboksi yakayumba, mikono yao minne ikayadaka pamoja.

"Mchumba wangu, mama," Sikudhani alisema. "Tuvumilie mpaka Mtwara."